Muuguzi alimuuliza mwanangu kama anataka kufa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 13 alivunjika mkono akicheza mpira, nikamkimbiza kwenye idara ya dharura huku Ohio, Marekani, tunakoishi. Muuguzi aliniomba nitoke nje kidogo, kisha akamuuliza mtoto kama amewahi kutamani kufa au kujaribu kujiua. Niliumia sana, kwa sababu nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi mbele ya watoto. Je, hawakumtia wazo ambalo hakuwa nalo?

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Muuguzi hakumshuku mwanao wala malezi yako. Tangu 2022, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kila kijana kuanzia miaka 12 aulizwe, hata aliyeletwa kwa homa au jeraha, kwa kuwa kijana mwenye mawazo hayo mara nyingi huja akilalamikia tumbo au kichwa, na asipoulizwa huondoka na siri yake.

Maswali 4 yanayotumiwa na hospitali nyingi huko yalichapishwa mwaka 2012, baada ya watafiti kuyajaribu kwa vijana 524 wa miaka 10 hadi 21 katika idara 3 za dharura za watoto, nayo yaliwabaini takriban 97 kati ya kila 100 waliokuwa hatarini. Hayachukui hata dakika moja. Anayejibu ndiyo huulizwa la tano, kama mawazo hayo anayo wakati huohuo. Akikubali, haachwi peke yake hata kidogo mpaka mtaalamu wa afya ya akili amwone. Wewe uliombwa utoke kwa sababu mtoto huogopa kumliza mama yake, lakini hatari ikionekana, mzazi huitwa na kuelezwa.

Hofu yako ya kumtia wazo ninaielewa, na imewahi kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari jimboni New York waligawanywa, wengine wakaulizwa kuhusu kujiua na wengine wasiulizwe. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao, na waliokuwa na sonona walionekana hata kupata nafuu kidogo.

Wengi wetu tumekulia katika nchi ambako kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kama ilivyo Tanzania, ndiyo maana swali hili hututisha kama la polisi. Hapo lilikuwa swali la tiba. Na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa hospitali, ambaye humlipi chochote. Usikubali mtoto akutafsirie mambo kama haya.

Sasa mwulize wewe mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili tu. Akikwambia ndiyo, usimkemee na usimwache peke yake. Fungia dawa na silaha kama zipo, kisha piga 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, inayopokelewa usiku na mchana.