Jibu: Kuandaa nje ya nyumba kabla ya kaskazi

Ndugu yangu, umeuliza uanze na nini nje ya nyumba yako hapo Tanga kabla joto la kaskazi, Desemba hadi Machi, halijaingia. Anza na paa. Bati lililochakaa linanyonya jua na kushusha joto lake darini. Sugua kutu, lipake rangi nyeupe ya mabati, na kagua misumari mmoja mmoja, maana chumvi ya bahari huanza na hiyo. Paka asubuhi, kwenye jua kali rangi hukauka kabla haijashika. Mifereji ya paa izibue sasa, mvua za vuli zisikukute. Ukuta wa magharibi ndio unaochomwa jioni, huko panda mpasheni utambae kwenye kichanja. Mwarobaini una kivuli kizuri zaidi, ila uweke mbali na msingi na shimo la choo.