Maswali ya washairi: mshororo unaochechemea na kaskazi ya Juni

Mshororo wangu "Mvua za vuli zaanza, udongo watoa harufu" unachechemea ukighaniwa. Kasoro iko wapi?

Hesabu kwa maharage, punje moja kwa kila silabi. Mvu-a-za-vu-li-za-a-nza: 8. U-do-ngo-wa-to-a-ha-ru-fu: 9. Mghani analazimika kumeza silabi moja. Weka "udongo unanukia", utapata 8 kwa 8. Tena "kutoa harufu" hakutuambii kama ni nzuri au ni uvundo.

M na n za mwanzo wa neno ndizo zinazowaponza wengi. Mbuni yule ndege ana mizani (yaani silabi) 2. Mbuni wa kahawa ana 3, m-bu-ni. "Mbu", "nge" na "nchi", kwa ufupi wake wote, kila moja lina 2. Tamka kwa sauti, usihesabu kwa macho.

Mshororo wa pili unaweza kuwa "Jembe langu nalitunza, mpini nashikilia". Ukiandika "najikaza" mahali pa "nalitunza", kina cha ukwapi, yaani silabi ya mwisho ya nusu ya kwanza ya mshororo, kinakuwa za, si nza. Wapo wanaolisamehe hilo. Sisi hatumo.

Kila nikifika ubeti wa tatu vina vinaniishia.

Umeanza safari bila kupima maji. Shairi la tarbia (mishororo 4 kila ubeti) lenye beti 5, vina vikiwa vilevile mwanzo hadi mwisho na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho, kikirudiwa kila ubeti, linadai maneno 16 kwa kila kina: 3 kwa kila ubeti, na 1 la kibwagizo. Yaorodheshe kabla ya kutunga. Nza ina anza, funza, tunza, kinza, kisha unaanza kubabaisha. Ia haikaukiwi, maana vitenzi vingi vya kutendea huishia hivyo: limia, pigia, shikia. Kibwagizo kitunge kwanza, kwa sababu ndicho kinachokufunga.

Naishi ghorofani mjini. Nitaandikaje kuhusu maumbile?

Mti mmoja unaoonekana dirishani unatosha. Uandikie sentensi 3 kila siku kwa mwezi mzima, na saa uliyoutazama. Sitiari ziache kwanza. Ukiwa mkwaju, utaona vijani vyake vikijikunja usiku. Na kabla ya kutaja upepo, tazama kalenda: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, lakini mashairi mengi humsafirisha nahodha kwa kaskazi mwezi Juni, wakati bahari iko mikononi mwa kusi.

Kazi ya ofisini inanimaliza.

Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa karani wa serikali, miaka mingi akiwa forodhani. Tunga kituo kimoja, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, ukiwa njiani, ukiandike ukifika. Kesho ongeza mshororo.

Binti yangu wa miaka 8 anapenda kubuni maneno. Nimfundishe mizani?

Bado. Mtegee vitendawili, halafu umwombe atege chake kwa kitu cha jikoni: kinu, kifuniko, mbuzi ya kukunia nazi. Akikutega ukashindwa, mpe mji, asafiri nao.