Maswali yenu kuhusu viko: tembo wa Arusha, ukoko na kabati la watu

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi balaa, nimechukua tano tu, wengine mvute subira. Na kwa wageni wa ukurasa huu niseme mapema, mimi kuvuta nilishaacha miaka mingi baada ya daktari kuona kidonda kwenye ulimi akaniangalia kwa lile jicho lao, nikabaki na kukusanya tu. Kiko hakina huruma kuliko sigara, kansa ya mdomo na ya koo inaletwa nacho vilevile, kwahiyo ukiniandikia kuniuliza kama "kiko ni salama kidogo" jibu langu ndo hilo.

*Shikamoo mzee. Babu alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake kiko kimevalishwa ngozi, kwa ndani cheupe kama chaki, kina alama ya tembo na neno KIKO, chini yake Tanganyika. Binamu yangu anasema ni mali ya kizungu ya bei mbaya, tukiuze tugawane. Ni kweli? (Mjukuu, Moshi)*

Marahaba mjukuu. Mwambie binamu akae chini kwanza. Hicho kitu siyo cha Ulaya, kimetengenezwa hapo kwa jirani zako Arusha, na kampuni iliyokuwa inaitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, na KIKO ndo jina lake la biashara, yaani ni kama mtu aunde gari halafu aliite Gari. Mi napenda sana hilo, maana viko vyenye neno letu vimefika mpaka kwenye madroo ya wazee wa Uingereza na Marekani wakati sisi wenyewe hatuna habari navyo.

Hiyo chaki ya ndani ni jiwe linaitwa mishamu, jeupe, laini, jepesi kiasi kwamba kipande kikavu kinaweza kuelea majini, ndo maana Wajerumani walilipa jina la povu la bahari. Mishamu maarufu duniani inatoka Eskişehir kule Uturuki, lakini yetu ilichimbwa bonde la Amboseli, na upande wa Tanzania ni kule Sinya, Longido. Ya Uturuki ni laini zaidi na mafundi wanaichonga vichwa vya masultani na madude mengine (mi sivipendi, unavuta huku unaangaliana na mtu), ya kwetu ni ngumu kidogo na mara nyingi ilitumika kama bitana, nje mti au ngozi, ndani jiwe. Jiwe lina vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, linanyonya unyevu na ule utomvu wa tumbaku, ndo maana moshi wake unakuwa mkavu na jiwe lenyewe linabadilika taratibu toka jeupe kuwa rangi ya asali halafu kahawia. Hata Peterson, watengeneza viko wa Dublin, waliwahi kutumia mishamu ya kwetu.

Sasa hela. Neno Tanganyika linaonyesha kwamba uwezekano mkubwa ni cha kabla ya muungano wa 1964, hiyo ni nzuri, ila viko hivi vilitengenezwa vingi na huko nje vinauzwa kwa makumi ya dola, siyo maelfu, ukigawanya na binamu zako wote mtapata nauli ya daladala. Kaa nacho. Usikioshe kwa maji, ngozi usiipake kiwi, na ukikishika wakati cha moto shika kwenye shina, yaani ule mrija wa mdomoni, usishike kichwa, kile kikombe cha tumbaku.

*Kaka mambo, nimeanza kununua viko vya mitumba mtandaoni, nishapigwa mara mbili. Naangalia nini kwenye picha? Na mzigo ukifika airport wanataka nini? (Nairobi)*

Poa sana mdogo wangu, na pole, kupigwa tumepigwa wote. Mi nilishanunua Dunhill, kiko cha Kiingereza cha bei, kwa muuzaji mmoja, kale kanukta keupe juu ya shina kanang'aa vizuri tu, kimefika nakifuta na kitambaa chenye spiriti nukta ikaondoka na kitambaa. Ilikuwa rangi ya kucha! Nukta ya kweli ya Dunhill imepachikwa ndani ya shina kama kipini, haipakwi, na waliiweka hapo ili mvutaji ajue upande wa juu ni upi asichomeke shina kichwa chini.

Dai picha, usiridhike na moja. Ya ndani ya kichwa kwa juu, ya ukingo, ya sehemu shina linapoingia, na ya alama zilizogongwa kwenye mti. Ukingo mweusi kidogo siyo shida, ila ukiona mti wa ndani umeungua mpaka kuna shimo au ufa unaopanda, achana nacho hata kama ni bure. Shina jeusi lililogeuka kijani-kahawia halijafa, hiyo ni ebonaiti (mpira mgumu) imepigwa na jua, inasuguliwa na kurudi, lakini alama za meno zilizotoboka ni kazi ya fundi. Muulize pia muuzaji kama kijiti cha kusafishia kinapita toka mdomoni mpaka chini ya kichwa bila kukwama, akianza kuzungukazunguka ujue hajajaribu au kajaribu kimekwama. Mti wenyewe unaitwa braya, ni kile kinundu cha kwenye mizizi ya kichaka cha nchi za bahari ya Mediterania, kinastahimili moto ajabu, na Wafaransa wa mji wa Saint-Claude ndo waliufanya kazi ya mji mzima tangu miaka ya 1850. Mistari ya mti iliyonyooka inapandisha bei ila haibadilishi ladha hata tone, kwahiyo kama hela ni ya mawazo nunua chenye mistari ya hovyo chenye tundu zuri.

Kuhusu airport, abiria anayeingia nchi za Afrika Mashariki anaruhusiwa tumbaku ya aina zote isiyozidi gramu 250 bila ushuru, hiyo ni makopo matano ya gramu 50, zaidi ya hapo lipa. Na tafadhali, kiko cha zamani chenye shina la pembe ya ndovu usikiguse, we acha tu, hata ukiambiwa ni cha mwaka gani.

*Ule ukoko mweusi ndani ya kiko nikwangue wote? (Dogo wa Mwanza)*

Hapana! Kwenye kiko cha mti acha ukoko mwembamba kama unene wa sarafu, unalinda mti, ukizidi unapunguza kwa sababu ukikua sana unaweza kukipasua kiko. Kwenye mishamu ni kinyume, usiache ukoko kabisa, futa kila ukimaliza. Na wewe unajiita dogo, una miaka mingapi?

*Mzee mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo, nina majani ndani ya nyumba mpaka nakosa pa kulala, halafu naona watu wa mjini wananunua vikopo vya nje bei ya kuku watatu. Kwa nini nisikate yangu nikaweka kwenye kiko? (Tabora)*

Swali zuri na linaniuma kidogo, maana una haki. Jani lenu la Tabora ni Virginia, linakaushwa kwa hewa ya moto kwenye bani, yaani banda la kukaushia, likitoka linakuwa na sukari nyingi, na ukilivuta bichi hivyo linauma ulimi kama pilipili kichaa. Hao wa vikopo wanafanya kazi mbili, kulikalisha na kulichanganya. Wanaligandamiza kwa presha, wengine na joto, likae, halafu wanalikata vipande bapa, na wanachanganya na majani mengine yenye tabia tofauti. Kuna Latakia iliyofukizwa moshi wa kuni, siku hizi inatoka Cyprus, zamani Syria, inanuka kama jiko la kuni asubuhi na watu wengi nyumbani wataomba uvutie nje. Kuna Perique ya St. James Parish kule Louisiana, inagandamizwa kwenye mapipa mpaka inachacha, inatoka nyeusi na chachu kama matunda makavu, inatumika kidogo kidogo kama kiungo. Hata nyumbani tunalo jani la moshi, wakulima wa Ruvuma wanakausha kwa moto wa kuni, ni kali.

Ukitaka kujaribu, weka Virginia yako kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ikiwa na unyevu kiasi kwamba ukiminya inanyumbuka na kufunguka tena, siyo kuvunjika wala kulowa, weka gizani, andika tarehe, sahau mwaka mzima au zaidi. Virginia ndo inapendeza ikizeeka kwa sababu ya ile sukari, ila tumbaku zilizowekwa marashi ya vanila na cheri hata ukae nazo miaka 10 hazina jipya. Usiweke ganda la chungwa wala la kiazi eti kurudisha unyevu, utafuga ukungu halafu utatupa vyote.

*Mwandishi, mume wangu ana viko 40, nimehesabu mwenyewe, kabati la vyombo vya sherehe limekuwa lake. Ila mi nilivyomlalamikia akaniambia hata bibi yangu alikuwa na kiko, na kweli alikuwa nacho cha kifuu cha nazi, kipo, kimebaki kifuu na kijiti kimoja. Sehemu nyingine zinaitwaje nimtafutie fundi? (Mama wa Mombasa)*

Dada yangu, hapo mumeo kakuweza. Kile cha bibi ndo kiko chenyewe kwa maana ya zamani, yaani kile kifuu chenye maji ndani ndo kiliitwa kiko. Juu yake kunasimama digali, mrija unaobeba bori, na bori ni kile kikombe cha udongo kinachowekwa tumbaku na kaa la moto. Mrija wa pili unaoingia mdomoni ni shilamu. Ile sauti ya maji yakibubujika ni malio yake, na mi nakumbuka kabla hujamwona bibi ulikuwa unausikia mlio kwanza. Kama ulichobaki nacho kimeungua kidogo upande mmoja ni digali, kama kina alama za meno ni shilamu. Mfinyanzi yeyote atakutengenezea bori ukimchorea, mrija ni wa mti mwembamba au tete.

Kuhusu kabati, mwambie atengeneze rafu ukutani yenye matundu, viko visimame kichwa chini vikauke. Na cha bibi kiwekwe katikati, kiwe cha 41.