Barua kwa Mwanangu Aliyeniuliza Habari za Mji wa Mgongoni

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Bahasha yako niliipokea Jumanne kwa kondakta wa basi. Zile sura tatu za kitabu cha hadithi unachokiandika nimezisoma mara mbili, mara ya kwanza barazani, mara ya pili kitandani umeme ulipokatika, kwa taa ya simu.

Swali lako nalirudia hapa ili tusipishane. Mji wako wa Mgongoni umejengwa juu ya gamba la kasa mkubwa aliyelala baharini, na tangu enzi za mababu, kila jua likizama watu hupiga Ngoma ya Kulaza ili asizinduke. Sasa wamekuja Mabwana wa Mvuke, wametoboa gamba, wanavuta joto la kasa kuendeshea mitambo, mji umepata taa na viwanda vya nguo. Rafiki yako aliyesoma anasema haiingii akilini kwamba watu waliokwisha kuona taa waendelee kukesha na ngoma, wangeiacha mwaka wa kwanza tu. Nawe unaniuliza: mama, wangeiacha kweli?

Wasingeiacha. Lakini na wewe ulivyowaandika si hivyo. Umewaweka wazee langoni na bakora zao wanaulaani mtambo, na vijana wanawacheka. Mji wa namna hiyo mimi sijauona, na nimezaliwa mahali ambapo mitambo imekuja na kuondoka zaidi ya mara moja.

Unaikumbuka kengele ya shule niliyosoma? Nilikupeleka ukiwa darasa la tatu. Ni kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimefungwa kwa waya kwenye tawi la mwembe. Kiranja anaigonga kwa nondo, na pale anapogonga pameng'aa na kubonyea kidogo kwa sababu miaka yote kila mmoja amegonga palepale. Chuma kile Waingereza walikileta kwa mpango wao wa karanga. Walianza mwaka 1947, wakafyeka mapori ya Nachingwea kwa matrekta, wakajenga bandari ya maji marefu hapa Mtwara na reli ya kuleta mzigo baharini. Karanga zilikataa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na miaka ya sitini reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Babu yako aliniambia siku treni ya mwisho ilipopita kuna watu walisimama kando ya njia wakalia, na wengi wao ndio waliokuwa wameikimbia ilipokuja.

Mwaka mmoja mwalimu mkuu alitaka kufunga kengele ya umeme. Waliokuja juu ni wazee wa kijiji. Wakasema kengele yetu ni hii, wazazi wetu waliingia darasani kwa sauti hii. Reli ya mkoloni, mwanangu, wanaitetea kama kaburi la babu. Tazama na mkorosho. Wareno ndio walioutoa Brazili, lakini nenda Newala ukawaambie kuwa ni mti wa kuja uone utakavyotazamwa. Mahari inasubiri korosho, ada ya shule inasubiri korosho, hata ugomvi wa mirathi ni wa mikorosho.

Kwa hiyo ndani ya mila za Mgongoni tia kitu ambacho zamani kilikuwa mtambo wa mtu mwingine. Labda pete ya chuma inayokaza ngozi ya ngoma yao ilitoka kwenye meli iliyozama. Watu wawe wamesahau.

Sasa nije kwenye kiini. Kila mila ina muda wake. Ina msimu, ina idadi ya siku, ina watu ambao bila wao haifanyiki. Kiwanda hakimwambii mtu aache ngoma. Kinamwambia saa moja kamili asubuhi awe getini. Basi.

Mjomba wako mkubwa alipoingia jandoni, walikaa kumbini, kwenye kambi ya jando, tangu mavuno yalipomalizika mpaka watu walipoanza kusafisha mashamba kungoja mvua. Miezi. Walifundishwa kutega, kutambua majani ya dawa, kumwamkia mkwe, kunyamaza mkubwa anaposema, na nyimbo ambazo mpaka leo akiimba mstari mmoja mwenzake wa kumbi lile anaumalizia hata kama hawajaonana miaka ishirini. Leo shule zikifungwa, Juni au Desemba, ngoma zinalia mtaani, watoto wanaingia. Tohara mara nyingi anafanya mganga wa zahanati. Baada ya wiki chache wanatoka wamevaa nguo mpya na miwani ya jua, wamefunikwa miamvuli, pikipiki zinapiga honi barabara nzima, kwa sababu shule inafunguliwa. Hakuna aliyeliacha jando. Sherehe imebaki, tena imeongezeka. Kilichopungua ni mafunzo, na hicho ndicho kinachoniuma, maana mtu akipita anasikia ngoma kubwa na kusema mila ingali hai.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Kabla hujazaliwa nilifanya kazi misimu miwili kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho. Tulikaa mstari mmoja wanawake watupu, na aliyekaa kushoto kwangu alikuwa kungwi, mfundaji wa wasichana unyagoni, mtu mzima, anaheshimika mitaa yote ile. Siku ya kuwatoa wali, yaani wasichana waliokuwa wakifundwa, ikaangukia katikati ya wiki. Akaomba ruhusa, msimamizi akamnyima. Akaomba mara ya pili kwa adabu, akamnyima. Hakugomba. Wakaihamisha siku, wali wakangoja ndani mpaka Jumapili, na Jumamosi jioni king'ora kilipolia akatoka getini moja kwa moja kwenda kwenye shughuli. Mimi nilikuwa naye. Mafuta ya ganda la korosho unayajua, yanaunguza ngozi na kuigeuza nyeusi, hata ukijipaka majivu hayazuiliki yote. Alipofika akanyoosha mikono awashike wale wasichana, akaiona. Vidole vyeusi mpaka kwenye viungo, ngozi inachubuka. Akaomba mafuta ya nazi na majivu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akasugua. Akasugua muda mrefu na watu wote wanamngoja kimya. Weusi haukutoka. Akainuka akawashika hivyohivyo.

Yaliyoendelea baada ya hapo sikuandikii. Wewe mwanamume, na hata ungekuwa binti yangu nisingeyaweka kwenye karatasi. Lakini chukua na hilo uliweke kitabuni: ngoma yako iwe na maneno ambayo msomaji hayapati. Umemweleza kila kitu katika sura ya kwanza, hata siri za wapigaji. Wapigaji wenyewe wasingekuruhusu.

Jambo jingine ni hao Mabwana wa Mvuke. Umeandika kwamba watu wa Mgongoni wanaukataa mvuke kwa sababu ni kitu kipya. Hapana, baba. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na sijakutana na mtu wa Msimbati wala wa Mtwara mjini aliyeichukia gesi. Mwaka 2013, neno liliposambaa kwamba inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, mtaani lilikuwa neno moja: gesi haitoki. Ulikuwa mkubwa, unakumbuka zile siku tulizojifungia ndani, moshi wa matairi, na watu waliopoteza maisha. Waliokuwa barabarani walitaka gesi. Walichouliza ni itaacha nini hapa. Walikuwa wameshaiona reli ikija na kuondoka. Miaka miwili baadaye bomba lilikamilika na gesi ikaenda. Kwa hiyo mtu wa Mgongoni akisimama mbele ya mtambo mpe swali hilo mdomoni, na umpe kumbukumbu ya mtambo mwingine uliomdanganya babu yake. Hapo rafiki yako ataamini.

Na ngoma? Waendelee kuipiga, kila jioni, kwa fujo kuliko zamani. Ila mwaka wa kwanza wa mitambo kipande cha mwisho kifupishwe kidogo, maana zamu ya usiku inaanza. Mwaka wa pili kifupishwe tena. Kipande cha mwisho ni kile cha polepole, cha wapigaji wazee, kisichochezeka, ambacho vijana walikuwa wakiondoka kabla hakijaisha. Mwishowe kiondolewe chote, na hakuna atakayegundua, kwa kuwa kelele za mwanzo zipo palepale na uwanja umejaa. Kumbe kilichokuwa kikimlaza kasa ni kile cha polepole.

Yule bibi mpigaji uliyemuua sura ya tatu mrudishe. Mpe kazi kwenye kinu cha nguo, zamu ya usiku. Mweke kwenye benchi karibu na mlango, mitambo inanguruma, naye anapiga kile kipande kwa vidole juu ya ubao, polepole, mpaka mwisho, na msichana wa pembeni yake anamtazama mikono. Msichana asiulize kitu. Kesho yake tu umuonyeshe vidole vyake navyo vinatembea.

Nimempa kondakta korosho kilo mbili akuletee, nimezibangua mwenyewe, zile zilizovunjika kula kwanza. Sura ya nne usiitume kwa simu, macho yangu hayawezi. Ipige chapa uilete mwenyewe Idi.

Mama yako