King'ora kilie muda gani? Kwa fundi anayeanza kufunga alamu za nyumbani

Mara ya kwanza mteja kunipigia simu saa tisa usiku, hakukuwa na mwizi. King'ora nilichofunga Mamboleo, hapa Kisumu, kilikuwa kinalia tangu saa saba. Mwenye nyumba alikuwa matangani Ugenya, geti lina kufuli, na majirani wamesimama nje wamejifunga mashuka. Shemeji yake alipoleta ufunguo nikaingia, nikafungua mipangilio ya bodi, ule ubongo wa alamu, nikaona kosa ni langu. Kwenye muda wa king'ora nilikuwa nimeandika 180, nikidhani nahesabu sekunde. Bodi ile huhesabu muda wa king'ora kwa dakika. Nilikuwa nimeupangia mtaa mzima saa tatu za kelele.

Mzee mmoja wa jirani alinisubiri hadi nikamaliza. Akaniambia, "Kijana, leo tumetoka. Siku nyingine hatutoki." Nikamwambia, "Nisamehe, mzee," na nikajua ana haki. King'ora hakimkamati mtu. Kinamwita jirani, na jirani akishakizoea, mteja wako amelipia chuma kinachopiga kelele ukutani.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, jambo la kwanza ni kutenganisha nyakati tatu ambazo wageni wa kazi hii huzichanganya. Kuna muda wa kutoka, yaani nafasi anayopata mtu kufunga mlango baada ya kuwasha alamu. Kuna muda wa kuingia, nafasi ya kufikia kipadi, kile kibao cha namba ukutani, na kubonyeza namba ya siri kabla ya kelele. Halafu kuna muda wa king'ora chenyewe. Kwenye bodi nyingi mbili za kwanza ni sekunde na ya tatu ni dakika. Bodi za DSC aina ya PowerSeries, kwa mfano, hutoka kiwandani na sekunde 30 za kuingia, sekunde 120 za kutoka na dakika 4 za king'ora, na kila namba huandikwa kwa tarakimu tatu. Ukitaka dakika nne unaandika 004. Kidole kikiteleza ukaandika 040, bodi haikuulizi kitu. Soma kitabu cha bodi uliyo nayo mkononi, hata kama juzi ulifunga nyingine inayofanana nayo.

Sasa, dakika ngapi? Nyumba zilizobanana kama za Migosi, mimi naweka 3 au 4. Jirani yuko mita kumi kutoka kwako. Kama hajaamka ndani ya dakika tatu, ya ishirini haitamwamsha. Riat ni tofauti. Viwanja ni vikubwa, jirani anatafuta tochi na viatu, na gari la kampuni ya ulinzi lina mlima wa kupanda. Huko naweka 8, mara nyingine 10. Sivuki 15. Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 nacho kinataka king'ora kilie si chini ya sekunde 90 na si zaidi ya dakika 15, na kazi yangu imenifundisha kwamba mpaka huo una akili. Hapa kwetu kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 tu kwa maeneo ya makazi usiku, na king'ora cha nje hupita desibeli 100 ukisimama karibu nacho. Usimfanye mteja wako adui wa mtaa.

Muda wa kuingia usiupange ukiwa umekaa. Toka nje na mwenye nyumba, shika simu upime sekunde, mwambie aingie kama anavyoingia siku zote. Mama mmoja wa mtaa wa Tom Mboya aliniambia sekunde 20 zinamtosha kabisa. Nikamwomba arudie akiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni mkononi, taa zimezimwa kana kwamba stima imepotea. Alifika kwenye kipadi sekunde ya 37, na namba ya siri akaikosea mara moja. Tukaweka 45. Ukimpunja mtu sekunde hizo, wiki mbili tu ataacha kuwasha alamu, na hatakwambia.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau: king'ora kikinyamaza, bodi hukaa tayari, na sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akipita, ikishtuka tena kelele inaanza upya. Dakika 4 zikirudiwa mara kumi na tano ni saa nzima. Tafuta mpangilio wa kuifungia zoni, yaani sehemu ya nyumba inayolindwa na sensa hiyo, baada ya kushtuka mara kadhaa. Mimi huweka 3. Vivyo hivyo king'ora cha nje chenye betri yake ndani. Waya ukikatwa, hicho hulia chenyewe wala hakifuati muda wa bodi. Kina swichi yake ndogo ya muda ndani ya boksi. Fungua uikague kabla hujapanda ngazi.

Na betri, tafadhali. Ya kawaida ni volti 12, ampea-saa 7. Tuseme bodi, kipadi na sensa vinakula ampea 0.2. Stima ikipotea kwa saa 24, vimekula ampea-saa 4.8 na imebaki 2.2. King'ora kinachokula ampea 1.5 kitatumia ampea-saa 0.1 kwa dakika nne, lakini kikilia saa nzima kitamaliza 1.5, na betri iliyozeeka haikupi hata hizo. Mwizi anayekuja usiku wa pili wa giza atakuta ukuta bubu. Pima kwa mita yako, usikisie.

Kabla ya kujaribu king'ora, pita nyumba za jirani ubishe hodi. Waambie kitalia muda gani, na kwamba kikinyamaza haimaanishi mwizi ameondoka: wachungulie, wampigie mwenye nyumba, au wapige 999 au 112. Mimi hujaribu alasiri, kwa sekunde kumi tu.

Halafu rudi baada ya wiki mbili usome kumbukumbu za bodi, zoni gani na saa ngapi. Usitibu kwa muda ugonjwa ulio kwenye sensa. Mwezi unapoandama, wale wadudu wa ziwani huinuka kama moshi, buibui wanawafuata, na utando mmoja mbele ya sensa unatosha kuamsha mtaa. Nyumba moja ya Milimani kengele ilikuwa ikilia kila siku kati ya saa nane na saa kumi mchana, na mwenyewe alitaka nipunguze king'ora hadi dakika moja. Niliketi sebuleni nikasubiri. Saa nane na nusu upepo wa ziwa ukaingia kwenye dirisha lililoachwa wazi kidogo, pazia likajaa, na taa nyekundu ya sensa ikawaka. Nilihamisha sensa hadi kona ya pili, ikiangalia mlango. Zile dakika 4 sikuzigusa.