Mbwa Kashapata Karatasi za Safari, Dada wa Kazi Hajaambiwa Kitu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 39, mama wa watoto wawili, niko Njombe. Nimefanya kazi za ndani kwa familia ya wamisionari wa Kijerumani miaka 11 sasa, nilianza hawana hata mtoto mmoja, leo wanao watatu na wa mwisho ana miaka 6, huyo nimembeba mgongoni tangu mchanga kabisa. Mwezi wa saba wanarudi kwao moja kwa moja. Mama wa nyumba tunapatana sana, mwanangu mkubwa kanisomeshea form one mpaka form four. Shida ni kwamba kuhusu kazi yangu hakuna anayeniambia kitu, nikiuliza naambiwa tutaona, tutakuachia vitu. Mtoto kila siku ananiuliza begi langu liko wapi, anajua tunaenda wote. Ndugu nao wanajua naenda Ulaya, shemeji kashakopa hela kwa mtu eti ntatuma nikifika. Mbwa wao kawekewa chip, katolewa damu imeenda kupimwa Ulaya huko, karatasi zake ziko mezani. Na kamati ya kanisa imenipangia mchango wa kuwaaga elfu hamsini. Wamenisaidia sana naona aibu kudai. Nilie au nidai? Mama Wawili."

Marahaba mwanangu. Anza kudai, kulia kutakuja kwenyewe wala hakuhitaji ushauri wangu.

Ngoja nianze na huyo mbwa mana ndo kanipa picha yote. Mbwa akitoka nchi kama yetu kuingia Ujerumani lazima awe na chip, achomwe sindano ya kichaa cha mbwa, zipite siku 30 ndo atolewe damu, hiyo damu ipimwe maabara inayotambulika na Umoja wa Ulaya, alafu kuanzia siku ya kutolewa damu ihesabike miezi 3 ndo aruhusiwe kuingia. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni miezi minne na ushee kabla ya kupanda ndege. Kwa iyo hawa watu walikaa mezani zamani sana wakapanga nani anaondoka lini na nani anahitaji nini, na kwenye hiyo meza jina lako halikutajwa, au lilitajwa wakasema tutaona.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi ni watu wabaya, mtu mbaya hasomeshi mtoto wa mwenzie miaka minne. Ila mtu anayehama anashughulikia kwanza vitu vyenye tarehe. Mbwa ana tarehe, tiketi ina tarehe, shule ya mtoto ina tarehe (kama kwao ni jimbo la Bayern shule zinafunguliwa katikati ya mwezi wa tisa, na huyo wa miaka 6 ndo umri wake wa kuanza la kwanza, nahisi ndo sababu kubwa ya kuondoka mwezi wa saba). Wewe huna tarehe mana hujawahi kumsumbua mtu. Alafu na yeye bosi wako anaogopa mwenzio, anarudi nchi aliyoiacha zaidi ya miaka 11 iliyopita, mume labda hajui atafanya kazi gani, na kule atafua na kupika mwenyewe na watoto watatu, wewe ukimuuliza habari ya kazi yako unamkumbusha yote hayo ndo mana anakwepa. Lakini woga wake usiwe hasara yako.

Haya tuje kwenye hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijasema dada wa kazi hahusiki, unahusika. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, wakitaka uondoke leo leo basi wanalipa hizo siku. Kuna kiinua mgongo, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza, ila sheria inahesabu mwisho miaka 10, kwa iyo miaka yako 11 inasomeka kumi, siku 70. Hujaniambia unalipwa ngapi, tuchukulie mfano laki mbili na sitini kwa siku sita za wiki, siku moja inatoka kama elfu kumi, zidisha mara 70 unapata laki saba. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya mpaka mwisho na likizo kama kuna ambayo hujaenda. Uliza na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kama walikuandikisha nenda na namba yako ukaangalie michango imeingia mpaka mwezi gani, usisubiri wapande ndege ndo ugundue kuna mwaka mzima hauna kitu. Na cheti cha utumishi, hicho nacho ni haki yako, karatasi ya kuonyesha ulifanya kazi gani kuanzia lini mpaka lini, usikidharau, kesho ukiomba kazi lodge au kwa familia nyingine ndo kitaongea.

Sasa nisikilize hapa vizuri. USIANDIKE BARUA YA KUACHA KAZI. Najua itakuja siku utajisikia vibaya, utasema bora niondoke mwenyewe kuliko kuwaona wanafunga mabegi, au mtu atakwambia kwa upole andika tu kabarua kurahisisha mambo. Ukiacha mwenyewe kiinua mgongo hakuna. Kaa mpaka wao ndo waseme kwa maandishi kazi imeisha.

Kingine, jua mwajiri wako ni nani hasa, familia au misheni iliyowaleta au dayosisi. Angalia mkataba kama upo, kama haupo angalia nani alikuwa anakutumia mshahara. Mana inatokea nyumba za misheni, familia inaondoka nyingine inaingia, na dada anarithiwa pamoja na makochi. Ikiwa ndo hivyo usikimbilie kushangilia, uliza ile miaka 11 inalipwa sasa hivi au inaendelea kuhesabika, waandike.

Na hayo mambo ya tutakuachia vitu. Pokea vitu mwanangu, friji pokea, jiko la gesi pokea, hata mapazia. Ila friji ni zawadi, haiingii kwenye hesabu ya mshahara. Wakikwambia friji ndo kiinua mgongo chako waambie asante kwa friji, na kiinua mgongo je?

Unaona aibu, sawa, basi nakuandikia mwenyewe, wewe kopi tu umtumie kwa wasap: "Mama, naomba jumamosi jioni tukae, wewe na baba na mimi. Nataka tuongee mwisho wa kazi yangu, notisi, kiinua mgongo, NSSF na cheti. Nawashukuru kwa yote na nataka tuachane vizuri." Basi. Hakuna tusi hapo, hakuna ukali, na Mjerumani ukimwandikia hivyo wala hakasiriki, atashukuru umemwambia kitu kinachoeleweka, sisi ndo tumezoea kuzunguka mbuyu mpaka giza linaingia. Wakipiga chenga hata baada ya hapo nenda kwa afisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30. Nenda wakiwa bado wapo nchini jamani.

Habari ya kwenda nao Ulaya, niseme tu. Ile visa ya mabinti wanaoenda kulea watoto Ujerumani ni ya chini ya miaka 27 na wanatakiwa wajue Kijerumani cha kuanzia. Wewe una 39. Njia nyingine zipo lakini si za kupatikana na "tutaona" mwezi mmoja kabla ya safari. Kwa iyo ondoa hiyo picha kichwani, na zaidi iondoe kwa mtoto.

Huyo mtoto ndo nimemfikiria sana, mana watu wazima mtapona. Mwambie mama yake kwanza kwamba mtoto anaamini mnaenda wote, inawezekana hata hajui. Alafu mkae watatu, mama yake aseme yeye, dada anabaki Njombe, na wewe useme kweli, mimi nabaki na wanangu. Usimwambie ntakuja kesho, usimwambie naenda dukani narudi, wala siku ya safari usijifiche jikoni eti asikuone akalia. Kuna watoto wa wamisionari wakiwa watu wazima huwa wanasimulia yaya aliyepotea ghafla, wanamkumbuka mpaka harufu ya kanga yake, na kinachowauma ni kwamba hakuna aliyewaaga. Alie, na wewe ulie, mkimaliza umfungashie mabegi pamoja naye, mpe kanga yako moja, ile ambayo umeshaifua mpaka imelainika, si mpya. Kule siku ya kwanza ya darasa la kwanza mtoto anapewa koni kubwa ya karatasi imejazwa pipi na penseli, karibu imfike kifuani, mwambie akipewa atume picha. Voisinoti nazo zipo, mtumie ukimsalimia kwa Kibena kama mlivyozoea, ila ujue baada ya mwaka atakuwa anakujibu kwa shida, lugha inaondoka haraka sana kwa watoto, isikuume ukadhani kakusahau.

Mchango wa elfu hamsini toa unachoweza, elfu tano inatosha kabisa, mtu anayepoteza kazi mwezi huo huo ndo anatakiwa achangiwe na yeye, mwambie mwenyekiti wa kamati nimesema mimi. Na kuagwa kwa wamisionari si kitu kipya huko kwenu, Misheni ya Berlin walifika upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, vita ya kwanza ikawaondoa, wakarudi, ya pili ikawaondoa tena, na jumapili watu wa nyanda za juu waliendelea kuimba. Hiyo sherehe itapendeza tu bila elfu hamsini yako.

Shemeji amrudishie mtu hela yake wiki hii hii, umwambie wewe au mumeo mbele ya watu wawili watatu, kwamba safari haipo na haikuwahi kuwepo. Mana mwezi wa nane huyo mdai atakuja kugonga kwako, na kiinua mgongo chako kitakuwa ndo kwanza kimeingia kwenye simu.