Maji ndani ya mabawa

SWALI: Katika mashindano ya glaida naona marubani wakijaza maji kwenye mabawa. Ndege haina injini, mzigo wa nini? Na kwa nini kifaa cha upeo bandia, kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala sawa asipoona nje, kinapigwa marufuku?

JIBU: Uzito haupunguzi umbali ambao glaida inaweza kuteleza, unaifanya iteleze umbali uleule kwa kasi zaidi. Hasara ni kwamba glaida nzito hupanda polepole inapozunguka ndani ya hewa ya moto inayoinuka, kwa hiyo hewa hiyo ikidhoofika rubani humwaga maji. Asiyamwage juu ya wenzake wanaozunguka chini yake: huo ni utovu wa uungwana.

Lita moja ni kilo moja, na waandaaji hupima ndege kwenye mizani. Daraja la mita 18 (upana wa mabawa, ncha hadi ncha) lina kikomo cha kilo 600. Daraja la klabu, la glaida za zamani, haliruhusiwi maji kabisa.

Hatari kubwa ni tangi la maji la mkiani, linalosawazisha uzito wa maji ya mabawani. Valvu yake ikiganda kwa baridi huku mabawa yakiwa matupu, kitovu cha uzito husogea nyuma na ndege inaweza kuanguka ikizunguka. Hakikisha la mkiani limefunguka kwanza.

Upeo bandia humwezesha mtu kuingia mawinguni, ambako haoni wala haonekani. Kumzuia kwa maneno matupu hakutoshi. Bora asiwe nacho.

Ukijiunga na wanaozunguka, fuata upande wa aliyetangulia, hata kama mkono wako umezoea mwingine. Kumfuata mwenzako nyuma nyuma siku nzima ili akutafutie hewa hakukatazwi, ila hakukupi heshima.